Kombi Iliyokuwa na Gia Nne za Kurudi Nyuma

Mgongo wa Kabiru ulistaafu mwaka juzi. Mwenyewe ndiye aliyekataa kuupa barua. Kila asubuhi pale kwa gereji yake Bondeni, ambayo ni mabati manane na mnyororo wa kuinulia injini, alitandika katoni chini ya gari la watu na kujilaza. Kulala hakukuwa na shida. Shida ilikuwa jioni, kuinuka. Hapo alishika bampa na kuita majina ya watakatifu, na mengine ambayo si ya watakatifu hata kidogo.

Mwishowe alimwapia mkewe kwamba anafanya injini moja tu, ya mwisho, kisha anahamia Subukia kufuga sungura, mnyama asiye na giaboksi. Ila kwenye kiapo hicho aliongeza kifungu chake: injini ya mwisho ataimaliza kwa mikono yake. Kwa miaka thelathini na mmoja hakuna fundi mwingine aliyewahi kugusa kazi ya Kabiru, na hakutaka ianze kuguswa yeye akiwa mlangoni akitoka.

Kazi yenyewe ililetwa na Mwalimu Jepkosgei. Ilivutwa kwa kamba. Ilikuwa Kombi ya zamani yenye kitanda, sinki na kabati la vikombe, na injini iliyokwisha kufa ikazikwa ndani ya mwili wake. Mwalimu alikuwa amestaafu kufundisha na alitaka kuzunguka nayo, aanzie Marigat, apande Kabarnet, kisha popote.

"Nimelala kwa nyumba za shule maisha yangu yote, fundi," alisema. "Sasa nataka nyumba inifuate mimi."

Kabiru akamtafutia injini ya gari dogo la Kijapani lililogongwa. Ile ya zamani ilipozwa na upepo. Hii mpya ilitaka maji. Na kwa vile Kombi hubeba injini yake matakoni, ilibidi rediata iwekwe huko mbele na mabomba yapite chini ya tumbo, gari likaonekana kama mgonjwa wa wodini. Wiki tatu Kabiru alilala kwenye katoni. Alikata, akachomelea, akatoboa. Mwisho akafungua giaboksi abadilishe beringi.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibika kimya kimya. Ndani ya giaboksi kuna gurudumu kubwa la meno ambalo mafundi huita kraunwili. Kabiru alijifunza kazi Salgaa, kwa malori, ambako injini iko mbele na gurudumu hilo lina upande wake. Kwenye Kombi injini iko nyuma, inatazama kinyume, kwa hiyo na upande hubadilika. Kabiru alijua hayo vizuri. Lakini siku hiyo macho yalikuwa yamechoka na akili ilikuwa Subukia, basi mikono ikajifanyia kazi bila kumuuliza mtu. Ikaweka kraunwili pale ilipoiweka miaka thelathini na mmoja. Akafunga kila kitu, akaenda nyumbani kukandwa maji moto.

Alhamisi Mwalimu alikuja kuchukua gari lake, akaja na pasta wake, maana gari halitoki gereji bila maombi. Pasta alikuwa na chupa ya mafuta ya kupikia na sauti ya kutosha uwanja mzima. Kombi haina boneti ya maana, kwa hiyo alizunguka nyuma akapaka mafuta kifuniko cha injini.

"Gari hili halitarudi nyuma!" akanguruma.

"Amina!" wakaitikia mama wa chai wa kando ya gereji na wateja wake.

"Nimesema halitarudi nyuma!"

"Amina!"

Kabiru, ambaye tayari alikuwa kwenye usukani mgongo ukimchoma, akaona maombi yamekolea. Akaweka gia ya kwanza, akaachilia klachi.

Kombi ikarudi nyuma. Pasta akaruka mtaroni na chupa yake. Kabiru akadhani amekosea, akaweka ya pili. Ikarudi nyuma kwa kasi zaidi. Alipoweka ile ya kurudi nyuma, ikaenda mbele kwa adabu kabisa.

Kutoka gereji ya ng'ambo, fundi mwenzake Sydney Okeyo alikuwa ameshika tumbo kwa kicheko.

"Kabiru! Gia nne za kurudi nyuma na moja ya mbele? Usimpe huyo mathe! Peleka kwa serikali, hiyo ndiyo model wanatafuta!"

Kabiru akashuka. Alijua papo hapo alichofanya: kraunwili ilikuwa upande usio wake. Na alijua maana yake: injini itoke, giaboksi itoke, katoni itandikwe upya.

"Mwalimu," alisema, "nimekosea."

Mwalimu Jepkosgei alimtazama kama aliyesahihisha madaftari milioni. "Sasa si urudie tu."

Kabiru akapiga magoti ajilaze. Mgongo ukakataa katikati. Akabaki kwa mikono na magoti, hapandi, hashuki, akikodolea macho tone la oili mchangani.

Sydney akavuka barabara, kicheko kikimwishia njiani.

"Inuka, wewe. Unasujudia nani?"

"Niko sawa."

"Uko sawa kama hiyo Kombi."

Kabiru alingoja hasira ije, haikuja. Alichopata ndani yake ni uchovu tu, mwingi, wa miaka. Akamnyoshea Sydney spana bila kuinua kichwa.

"Boliti ya juu kushoto uzi wake umekwisha. Ukiivunja nakuua."

Sydney aliipokea. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakutoa mzaha. Akamwinua kwa makwapa, akamketisha kwenye kiti cha plastiki cha mama wa chai.

Siku nzima na nusu Kabiru alikaa. "Kushoto," alisema. "Kushoto kwangu, si kwako." Alikuwa akiingoja aibu, kama mtu anayengoja mgeni aliyetuma salamu kwamba yuko njiani. Mgeni hakutokea. Ijumaa jioni Kombi iliposonga mbele kwa gia ya kwanza na watu wakapiga makofi, Kabiru alikuwa amelala kitini, mdomo wazi, anakoroma.

"Nimwamshe?" Sydney akauliza.

"Mwache," akasema Mwalimu kutoka kwenye usukani. Akaingiza gia ya pili polepole, akatoka Bondeni bila kupiga honi.