Breki Mpya kwa Mguu wa Zamani

Ilitangazwa, kwa karatasi yenye mihuri miwili iliyobandikwa langoni mwa kituo cha ukaguzi wa magari mjini Matanzas, kwamba magari ya watu binafsi yaliyoundwa kabla ya mwaka 1960 ni msaada wa muda tu katika usafiri wa umma, wakati mpango wa mabasi ya kisasa ukikamilishwa; na kwamba katika kipindi hicho cha mpito, kila gari la namna hiyo litatakiwa kusimama ndani ya mita kumi na tano, kutoka mwendo wa kilomita arobaini kwa saa, dereva akikanyaga breki mara moja. Maneno "mara moja" yalipigiwa mstari.

Aniceto Borroto aliisoma karatasi hiyo kofia ikiwa mkononi. Kipindi cha mpito hakikumtisha. Alikuwa akiishi katika vipindi vya mpito tangu akiwa na miaka kumi na mmoja, na sasa ana sabini na mbili. Kilichomkaa kooni ni ule mstari.

Rafiki yake Zoilo Carmenate alikuwa na Shevrole ya mwaka 1952, ya kijani, iliyokuwa ikipandisha watu kutoka Pueblo Nuevo hadi kilimani Versalles. Leseni yake ya kubeba abiria ingekwisha mwisho wa mwezi. Bila cheti cha ukaguzi hakuna leseni, na bila leseni Zoilo angebaki na gari la kutazama pamoja na pensheni isiyotosha kumlisha kuku. Na breki za gari hilo, kwa bahati mbaya, zilikuwa kazi ya Aniceto tangu nati ya kwanza.

Alianza kuzishughulikia mwaka 1971, akiwa kijana kwenye karakana ya reli, chini ya fundi Bautista, mtu mwenye vidole saba na maneno machache zaidi. Spea kutoka kaskazini, yalikoundwa magari hayo, zilikuwa zimekatika miaka kumi nyuma. Bautista alimfundisha kukereza dramu za breki kutoka chuma cha magurudumu ya treni, kukata bitana zake kutoka mkanda wa kusafirishia miwa, na kuchonga raba za silinda kutoka soli za buti. Miaka ya tisini, mafuta ya breki yalipogeuka hadithi, Aniceto alichanganya mafuta ya mbarika na spiriti ya duka la dawa. Gari lilinukia kama zahanati, lakini lilisimama.

Lilisimama kwa utaratibu wake. Pedali ilitaka kupampiwa mara tatu: ya kwanza kuziamsha breki, ya pili kuzibembeleza, ya tatu kusimama. Kwa hiyo Zoilo, ili asimame kituo cha kanisani, alianza kupampu tangu duka la dawa, hatua themanini nyuma. Abiria wa Versalles walizaliwa na hesabu hiyo. Kwenye ya kwanza mabishano ya besiboli yalipungua, kwenye ya pili wenye mayai waliyanyanyua mapajani, na kwenye ya tatu kila mtu alikanyaga sakafu kwa mguu wake, kusaidia. Wageni ndio waliogonga vichwa. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyelalamika, isipokuwa mbwa mmoja wa kasisi, na huyo hakupata nafasi ya kurudia.

Breki za diski, zinazokamata kwa mkanyago mmoja, zilifika kutoka Panama ndani ya begi la Odalis, binti yake Zoilo, zikiwa zimefungwa katikati ya nepi za mtoto wa binamu. Zilikuwa za gari la Kikorea. Hazikuingia kwenye rimu za zamani, hivyo ilibidi zitafutwe rimu mpya za alumini, pana zaidi, ambazo Aniceto alizipata Cárdenas kwa daktari wa meno. Rimu mpya nazo zilizikataa wilkapu za kale, vile vifuniko vya magurudumu vyenye kung'aa ambavyo Zoilo alivisugua kila Jumapili kwa majivu na ndimu. Zoilo alivitundika ukutani sebuleni, vinne kwa mstari, akasema nyumba nayo sasa inaweza kuondoka.

Kazi ilichukua siku tisa. Aniceto alikata vishikio kutoka kipande cha reli, akatoboa, akapima, akakosea upande wa kushoto, akatoboa tena. Siku ya pili, alipoing'oa dramu ya mwisho na kufuta masizi ndani yake, alikuta alama ndogo zilizopigwa kwa msumari wa chuma: B na A, na mwaka. Alikuwa amesahau. Bautista alikataza kutia sahihi kazi iliyotoka karakana ya serikali, kisha akaitia yeye mwenyewe, na ya kijana wake pembeni. Aniceto aliishika dramu ile mpaka kahawa yake ikapoa. Alikumbuka ngurumo ya mashine ya kukereza, harufu ya chuma cha moto, na jinsi Bautista alivyoupima uso wa dramu kwa kidole gumba huku amefumba macho, kama anayesikiliza. Kisha akaiviringisha kwenye gazeti na kuendelea kukaza nati, kwa sababu mwezi ulikuwa unakwisha.

Jaribio la kwanza lilifanyika siku sita kabla ya ukaguzi. Zoilo aliona ni uchoyo kupanda kilima na viti vitupu, akampakia, nyuma ya Aniceto, jirani yao Migdalia, aliyekuwa akipeleka keki ya kutimiza miaka kumi na mitano ya mpwa wake. Keki, kama ada ya mji, ilibebwa wazi juu ya kiganja, na krimu yake ya waridi. Walipofika duka la dawa, mguu wa Zoilo ukapampu. Gari lilisimama papo hapo, katikati ya barabara. Keki haikusimama.

Migdalia alikitazama kioo cha mbele kilichopakwa krimu. Akasema angalau sasa anajua gari lina breki, akashuka, akamalizia safari kwa miguu na kiganja kitupu.

"Nimekwambia mara moja," alisema Aniceto, akijifuta krimu shingoni.

"Nimekanyaga mara moja."

"Umekanyaga mara tatu, ndugu yangu. Ya kwanza ndiyo iliyosimamisha gari. Hizo mbili ulikuwa unamsalimia nani?"

Walirudia siku nne, asubuhi na jioni, bila keki. Zoilo aliapa, akahesabu kwa sauti, akamwomba Mtakatifu Lazaro, lakini mguu ulipampu. Aniceto alijaribu kumweleza kwamba breki hizi zimekwishaamka, hazihitaji kubembelezwa. Zoilo akajibu kwamba yeye ameelewa kabisa, ila mguu haujaelewa, na mguu haujui kusoma. Usiku wa kuamkia ukaguzi alikiri kwamba ameanza kuulizia bei ya mkokoteni wa farasi.

Asubuhi, kwenye foleni ya kituo, Aniceto aliutazama ule mguu. Ulikuwa ndani ya buti la reli, lile lile la ngozi nzito aliloendeshea miaka yote, lililokwisha soli upande wa kulia kwa umbo la pedali.

"Vua buti," alisema.

"Nivue nini?"

"Buti. Huo mguu na hilo buti wamekula njama tangu zamani. Watenganishe."

Mkaguzi, mhandisi Yaneisi Recio, mwanamke wa miaka thelathini hivi mwenye kalamu mbili nyweleni, aliinama dirishani na kuuona mguu mtupu, mweupe kama wa mtu aliyelazwa.

"Komredi, viatu viko wapi?"

"Tangazo linataja breki, mwanangu," Aniceto alijibu kutoka kiti cha pili. "Viatu halikuvitaja."

Mhandisi aliisoma karatasi yote kuanzia juu, kwa haki, akasema ni kweli.

Zoilo akaondoka, akafika arobaini, bendera ikashuka. Mguu, ukiwa mgeni mahali hapo na hauna wa kuukumbusha, ulikanyaga mara moja, kwa adabu. Mita kumi na moja. Mhandisi alipima tena kwa utepe, akagonga muhuri.

Zoilo alilia kidogo, akisingizia vumbi. Aniceto alimpongeza, kisha akatega sikio. Hakuna kilichonguruma, hakuna kilichonuka. Alitambua kwamba hii ndiyo kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya, na kwamba ametumia siku tisa kuhakikisha zile nyingine hazitahitajika tena.

Foleni ilikuwa imekula siku nzima; sasa ilikuwa saa kumi jioni, wakati wa kufunga. Mhandisi Recio alitoka na mkoba wake, karani akamfuata, na mlinzi akafunga lango. Wakauliza kwa upole kama gari linaelekea Versalles, wakapanda nyuma wote watatu. Basi la watumishi, mlinzi alieleza huku akivuta mlango, lilikuwa gereji tangu Februari. Breki.