Nilimkorogea mama aspirini kwenye chai, na daktari alikuwa ameshaikataza

To. To. To.

Wakuu, hiyo ni damu ya mama yangu ikidondokea kwenye beseni la plastiki. Wiki zimepita, lakini bomba likivuja tu, nashtuka.

Poleni, nimeanza na damu kabla ya salamu. Hamjambo humu ndani? Mi ni mzoefu wa kusoma nyuzi zenu, kuandika ndiyo mara ya kwanza. Shule niliishia katikati, maandishi mtanisamehe. Ila nitasema kila kitu, hata pale panaponiaibisha.

Niko Bujumbura, Buyenzi. Nasuka nywele barazani kwetu na nina ndoto ya saluni yenye vioo ukuta mzima. Rangi nimeshachagua, ya ndizi mbivu, msinicheke. Naishi na mama, sisi wawili tu.

Mwaka jana mama alipimwa akakutwa na plakete nyingi mno, zile chembe za damu zinazofunga kidonda. Daktari akasema zikizidi, damu inaweza kuganda ndani ya mishipa. Akampa aspirini ndogo, kidonge kimoja kwa siku. Kumpa ilikuwa kazi yangu.

Miezi michache nyuma tukarudi kupima. Zimepanda vibaya sana.

Daktari akasema, "Aspirini musimamishe kwanza. Kuna kipimo kingine nakitaka kabla sijaanza dawa nyingine."

Hapo ndipo akili yangu ndogo ilijifanya kubwa.

Nikawaza: zimepanda, maana yake damu imezidi kuwa nzito. Sasa dawa ya kuilainisha inasimamishwaje? Baba yangu alikufa kwa kiharusi, alianguka akifunga kamba za viatu. Niliapa sitaona tena kitu kile.

Basi nikaendelea kimya kimya. Asubuhi nasaga kidonge, nakoroga kwenye chai ya tangawizi. Siku nyingine viwili. Mama hakujua.

Dalili zilikuwepo, wakuu. Mswaki wake ukaanza kuwa mwekundu, nikamnunulia laini. Akatokwa na alama za bluu mkononi, nikasema amejigonga kwenye mlango.

Sasa huku kwetu "damu nzito" wengi wanaitibu kwa hijama, unaumikwa vikombe mgongoni damu itoke. Mama akaitaka. Jumamosi asubuhi akaja Mama Sada, anayewafanyia wanawake wa mtaa. Ni mtu makini, msimlaumu. Kabla hajafungua wembe aliuliza:

"Dada, kuna dawa yoyote ya damu unakunywa?"

"Apana, daktari alisimamisha. Nakunywa chai tu ya huyu mutoto, anatia tangawizi kama anapikia arusi."

Wakacheka. Mi nimeshika beseni. Mdomo ukafunguka, ukajifunga. Nikajiambia ni mikato midogo tu, kama ya kucha.

Vikombe vikatolewa. Mama Sada akapangusa, damu ikarudi. Akabana kitambaa, kikalowa. Kanga ya kwanza, ya pili. Utani ukaisha.

"Hii damu haishiki. We binti, mama yako anakunywa nini?"

"Aspirini," nikasema. "Kwenye chai. Kila siku."

Mama akageuza shingo akaniangalia. To, to, to, kwenye beseni.

Tulichukua taksi. Mama Sada alibana mgongo ule kwa mikono miwili mpaka hospitali.

Daktari hakunigombeza, ingekuwa nafuu. Alieleza tu: plakete zikizidi kupita kiasi, mutu anaweza kuganda damu, na pia anaweza kutokwa damu. Ni kama mafundi wamejaa kwenye kazi moja wakamaliza gundi yote, ufa ukija hakuna cha kuzibia. "Na aspirini yako ikawalaza usingizi hao mafundi." Kipimo alichokitaka kilikuwa cha gundi hiyo ya damu.

Mi nilidhani mwenye plakete nyingi hawezi kumwaga damu!

Mama aliongezewa damu, akalazwa siku nne. Siku ya pili ndipo alinisemesha:

"Chai ilikuwa na uchungu, nikadhani tangawizi ya sokoni imeharibika. Kumbe ni wewe."

Nikaanza kulia. Akanishika sikio kama nilipokuwa mdogo.

"Mi si baba yako. Mi ni mimi. Uniulize."

Funzo langu, wakuu: aspirini ni dawa nzuri, kuna wenye plakete nyingi wanaandikiwa na inawasaidia. Kama daktari amekupa, usiache kwa sababu ya uzi wangu. Ila akisema simamisha, simamisha. Hujaelewa? Uliza palepale, usiende kujijibu jikoni. Na anayekuchanja akiuliza dawa, sema zote.

Mwenye mgonjwa kama wangu aniandikie hapa, mmepitaje? Hata wa kunisema, karibuni, nimestahili.

Tangu tutoke hospitali mama alikuwa anajipikia chai mwenyewe. Leo asubuhi ameniita kutoka kitandani: "Nipikie chai."

Nikaingia jikoni, nikafunga mlango. Nikamimina kikombe kimoja, tangawizi tupu, nikakinywa chote mimi kwanza, cha moto hivyo hivyo.

Halafu nikamimina chake.