Kanga Juu ya Runinga

Haijaharibika. Inawaka vizuri tu, ukiibonyeza inakuonyesha mpaka vinyweleo vya mtu. Hiyo kanga nimeiweka mwenyewe na itakaa hapo hapo. Nimeona macho yako yanakwenda kwenye kanga, yanarudi kwangu, yanakwenda tena, nikajua swali liko njiani. Nimekujibu kabla halijafika, maana likifika litanipandisha hasira, nami chai hii nataka niinywe ingali moto.

Na usidhani nina chuki na mitambo. Mimi runinga nimekaa nayo miaka. Nilikuwa na ile ya chogo, imebebwa na mwanangu wa kwanza kutoka mjini mpaka hapa Tongoni, nzito kama mtu aliyezirai. Juu yake deki, juu ya deki kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa hakuna anayeruhusiwa kuweka kitu. Tulikuwa na mapicha ya Kihindi, ya Kikorea, ya Kituruki, yale ya watu kulizana na kunyang'anyana waume. Kila siku baada ya alasiri wanawake wanaingia humu na miyaa yao, yale majani yaliyochanwa na kutiwa rangi, wanasuka ukili wa mikeka, picha linakwenda.

Sasa wewe hujasuka ukili, nikuambie. Ukili wa rangi hautaki macho yatoke. Ukikosea mwaa mmoja, pambo limepinda, na mkeka ukishonwa kila mtu ataona palipopinda atauliza ulikuwa unamtazama nani. Kwa hiyo wanawake wote wameinama, hakuna anayetazama picha. Mtazamaji nilikuwa mimi peke yangu. Vidole vyangu vimekakamaa, kusuka nimeacha zamani, hata kumenya kitunguu naomba. Basi wao walitoa vidole, mimi nikatoa mdomo. Nilikuwa naliangalia picha na kuwasemea.

Si kusimulia tu, "sasa anaingia, sasa anatoka," hata mtoto anaweza hayo. Nilikuwa nampa kila mtu sauti yake. Kila mama mkwe mwenye roho mbaya alisema kwa sauti ya yule mwenzetu muuza vitumbua wa barabarani, ya puani, inayovutwa: "Haaaya mwanangu, kula tuuu, nani kakukataaaza?" Polisi wote walikuwa mwenyekiti wetu wa kitongoji: "Eeeh, ndugu wananchi, eeeh, suala hili, eeeh, tumelipokea." Kijana anayependwa nilimpa sauti ya muuza samaki wetu, anayeapa kabla hujamuuliza: "Wallahi mama, huyu katoka majini sasa hivi, wallahi!" Basi wanawake hawana haja ya kuinua kichwa. Wakisikia pua wanajua bibi mbaya kaingia, wanaanza kumtukana huku wanasuka. Na muuza vitumbua mwenyewe yumo humu humu, anacheka mpaka miyaa inamwanguka. "Leo nimeua nani?" ananiuliza akiingia. "Subiri," namwambia, "sumu bado inachemka."

Na shoga yangu naye alikuwemo. Macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho. Haoni rangi tena, anasuka ule ukili mweupe, kwa vidole vitupu. Alikuwa anakaa pale, mgongo ukutani, uso anauelekeza kwangu wala si kwenye runinga. Kwake picha lilikuwa mimi. Naomba ulikumbuke hilo, maana mkwe wangu alilisahau.

Mkwe wangu ndiye mwenye hili dude. Mume wa binti yangu mdogo, mtu wa Muheza, fundi kompyuta, ana kiduka kule mjini, Usagara. Watu wanampelekea makompyuta yaliyokufa, anayafufua. Simnyimi haki yake, anajua kazi. Lakini anajua pia kwamba anajua, na hapo ndipo mimi na yeye tunapopishana. Halafu ana adabu, ile adabu ya kwao inayochosha. Mama mkwe hatazamwi usoni, mtu haketi naye mkeka mmoja, haongei naye mdomo kwa mdomo. Shikamoo yangu anaupa mwimo wa mlango. Mwimo ungekuwa na mdomo ungeitika marahaba. Akishaingia anakaa pale kizingitini kwenye kigoda, kanipa mgongo, maneno yote anampa mkewe.

"Mwambie mama, huyo si shangazi yake, huyo ni wakili."

"Mama, anasema huyo si shangazi, ni wakili."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Mwambie basi mbona amemkumbatia?"

"Anasema mbona amemkumbatia?"

"Mwambie imeandikwa hapo chini."

Imeandikwa hapo chini! Kwa Kiingereza! Humu ndani tulikuwa wanawake tumejaa na hakuna hata mmoja aliyekwenda shule akamaliza, tumeinamia ukili, na shoga yangu kipofu, yeye anatuambia tusome hapo chini.

Basi kila akija kututembelea ni darasa. Deki ni takataka. Runinga ya chogo ni ya makumbusho. Simu ya binti yangu ni toi, kwa sababu haina sijui nini ndani, RAM, hiyo RAM nimeisikia mpaka nikaanza kuiota ina pembe. "Mwambie mama, simu isiyo na RAM ni kama tochi tu." Namwambia mwambie mimi tochi ndiyo ninayoitumia. Kompyuta ya kununua dukani ikiwa tayari imefungwa ni ya wavivu, mwanamume anaunga yake mwenyewe kipande kwa kipande. Kompyuta za kubeba zinapata joto. Zile kopi tulizokuwa tunaangalia, zilizorekodiwa ndani ya ukumbi mpaka unaona kichwa cha mtu kinapita anakwenda chooni, ni dhambi. Mimi nilikuwa nawapenda wale wapita chooni, wote nilikuwa nawapa sauti. Na watu wanaotafsiri mapicha kwa Kiswahili, wanaosema juu ya sauti za wenyewe, hao ndio kabisa. "Mwambie mama, yule mwigizaji amelia miezi, halafu mtu anakuja anamfunika sauti na utani wake. Ni ukosefu wa heshima kwa kazi ya mtu." Anasema hivyo kanipa mgongo, na mimi mtu mwenyewe wa utani niko nyuma yake nimekaa.

Nikamwambia binti yangu amwongeze chai. Mkwe ni mkwe.

Ndipo akaleta hili. Flati, pana kama mlango, na sabufa mbili, na waya zimepita mpaka chini ya kitanda changu. Ile ya chogo akaibeba kwenda kuikatakata vipuri bila kuniuliza, yaani kupitia kwa mkewe bila kuniuliza. Nikamshukuru. Kupitia kwa mkewe. Zawadi ni zawadi, na kweli picha likiwaka unaona jasho la mtu, mimi kikongwe nikasema lo! Lakini nilipofungua mdomo tu kumsemea bibi harusi, "Mwambie mama asubiri, hii ina sauti ya mazingira." Sabufa zikaunguruma, kuku wangu wakaruka nje. Shoga yangu akaniuliza kwa hofu, "Gari la nani limeingia?"

Nikamwambia binti yangu, mwambie mumeo kuna mtu humu haoni. Mumewe akajibu lo, hilo dogo, mbona kompyuta inasema. Akarudi siku nyingine na kompyuta ya kubeba, akaunganisha, akaweka yale maandishi yageuke Kiswahili na kompyuta iyasome. Nami nikasema haya, tusikie. Basi ikasoma! Mama anayelia kwa kufiwa, mwizi, mtoto, polisi, bwana harusi, wote sauti moja, kama anayetangaza msiba kwa kipaza sauti cha kukodi: "Nakupenda. Sana. Usiniue. Karibu. Chai." Shoga yangu akasikiliza, akasikiliza, vidole vinasuka. Mwishowe akasema, "Mbona huyu mtu anajisemea peke yake?" Mkwe wangu akampa mkewe jibu, kwamba ni teknolojia changa, itakua. Shoga yangu akasema haya, ikikua mniite.

Nilidhani mkwe wangu amekata tamaa. Kumbe aliona tatizo ni sisi hatujawahi kuona picha la maana. Ijumaa moja akaja na la kwake mwenyewe, lile analolipenda, la watu wanaoruka angani ndani ya makopo. Akafunga dirisha. Akateremsha pazia.

"Mwambie mama, mwanga unaua rangi."

Mwanga unaua rangi! Na wale wanawake watasuka kwa kitu gani? Miyaa ya rangi, gizani? Walikaa hivi, mikono mapajani, kama tuko matangani na maiti haijaletwa. Muuza vitumbua ananitazama. Mimi namtazama muuza vitumbua. Huku mbele mtu kavaa sufuria la kioo kichwani, anapumua, anapumua, hakuna lingine, yeye na kupumua kwake, na sabufa zinampigia kila pumzi ukutani.

Shoga yangu akanyoosha mkono akanishika goti. "Mwenzangu, huyu anayepumua ni nani? Anaumwa?"

Sasa wewe niambie, ningefanyaje? Mtu ameacha kwake, ameshikwa mkono mpaka hapa, amekaa gizani ndani ya giza lake, ananiuliza. Nilimjibu polepole, nikamwambia haumwi, ni fundi, gari lake limekufa angani. Akasema masikini, anasemaje? Ndipo mwenye sufuria akafungua mdomo, nami sauti ilikuwa imeshanijaa kooni, ilikuwa imekaa humo tangu siku ya takataka na makumbusho. Nikakunja shingo kama yeye, nikaupa mwimo wa mlango uso wangu, nikasema kwa sauti ya mkwe wangu, ile ya upole inayotoka nyuma ya meno: "Mwambie mama mkwe gari halina RAM. Mwambie asisukume. Mwambie imeandikwa hapo chini."

Nyumba ilipasuka. Muuza vitumbua alilala chini kabisa. Shoga yangu alicheka bila sauti, mabega tu, machozi yanamtoka kwenye yale macho yasiyoona. Na binti yangu, mke wa mtu, aliyebeba maneno ya mumewe siku zote hizo bila kuyamwaga, naye akajifunika upande wa kanga akawa anatetemeka.

Mimi nilijua nimefika mbali. Lakini utani ndani ya nyumba yangu si kosa, na angecheka naye ungeishia hapo, ningempa hata chai.

Tangu siku ile sijamsemea mtu picha. Wanawake wamekuja kunibembeleza, nimewapa kahawa, picha sijawapa. Sasa wanasukia kwa muuza vitumbua, bila runinga, na nasikia wanasuka kimya. Shoga yangu aliletwa juzi kati, akakaa pale pale mgongo ukutani, akanielekezea uso, akaniuliza, "Leo nani kafa?" Nikasema hakuna aliyekufa. Akaomba arudishwe. Binti yangu ananiambia, mama, alighafilika, ni hasira tu, samehe. Namwambia aje aniombe mwenyewe, njia si anaijua sasa?

Maana hivi ndivyo ilivyokuwa. Baada ya kile kicheko mkwe wangu alisimamisha picha. Akasema, "Mwambie mama," akangoja. Mkewe hakuweza kusema, kicheko kimembana. Akasema tena, "Mwambie mama." Mabega yanatikisika tu. Basi akainuka kwenye kigoda, akageuka. Ndiyo siku ya kwanza kumwona macho, macho mazuri tu, ya mtu ambaye halali vya kutosha. Akanitazama usoni, mdomo kwa mdomo, mbele ya wanawake wote, mbele ya shoga yangu ambaye mkono wake ulikuwa bado uko gotini kwangu, akasema:

"Mama, nyamaza. Hakuna anayekuja hapa kukusikiliza wewe."