Alasiri Moja Tu Bruges

Baba yangu aliijua miji ya Ubelgiji kabla hajaiona. Zamani, kabla hatujahamia Oman, alikuwa na duka la vitambaa Bujumbura, na Mbelgiji mmoja aliyekuwa akimletea mzigo alimpa kalenda ya ukutani yenye picha za miji ya kwao. Duka lilibaki huko, kalenda nayo ikabaki, lakini picha alikuja nazo kichwani. Tulikulia Ibra tukizisikia: Bruges, ambako maji hupita katikati ya mitaa na watu hutembea kwa mashua kama sisi tunavyotembea kwa gari, Gent na mnara wake wa kengele, Dinant, mji uliobanwa baina ya mto na jabali. Akitupeleka Nizwa kuitazama ngome, husimama chini ya ule mnara mkubwa wa duara akasema ni mzuri, lakini hatujaona wa Gent. Mimi nikiona haya, maana watu wa Nizwa walikuwa wakisikia. Hata hivyo nilimwamini kwa kila neno.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, Mama ameshafariki, Baba amestaafu na mimi nasomesha shule ya wasichana, tulipata viza. Tukafikia kwa shangazi yangu, mdogo wake Baba, aliyetoka Bujumbura akaenda zake Brussels wakati sisi tulipokwenda Oman. Safari niliipanga mwenyewe kwa miezi: kwanza Gent, kisha Bruges na tulale huko huko, halafu Dinant kwa treni.

Siku ya kwenda Gent hatukwenda. Tulialikwa chakula cha mchana kwa binamu yake Baba, na jioni kwa jirani wa zamani wa Bujumbura. Kesho yake tulialikwa kwa mkwe wa jirani. Kila nyumba pilau, kila nyumba sambusa, kila nyumba televisheni ya Kiarabu imewashwa na hakuna anayeitazama. Wanaume huku wanaulizana nani kafa na nani kaoa. Wanawake huku wananiuliza kama ni kweli Ibra mtu hawezi kutoka nje mchana kwa joto. Mimi jicho liko dirishani. Nikimkumbusha shangazi habari ya miji, husema, "Kesho, inshallah," kwa ile sauti tunayoitumia sote tukiwa hatuna nia.

Gent tulipita tukienda kutoa mkono wa pole kwa watu nisiowajua. Niliuona mnara kwa mbali, mvua inanyesha, waipa zinakwenda na kurudi juu ya kioo. Baba alikuwa amelala. Nikamwamsha, na alipofumbua macho tulikuwa tumeshaingia nyuma ya maghala. Akauliza ni nini. Nikamwambia si kitu, alale.

Usiku ule nilimwambia shangazi, kwa adabu zote nilizokuwa nazo, kwamba hatukuja Ubelgiji kula. Alichukia. Alisema watu wamepika kwa ajili yetu, wengine wameomba ruhusa kazini, na sisi tunataka kwenda kutazama maji ya mtaroni kana kwamba Ibra hakuna falaji, mifereji yetu ya kunyweshea mashamba. Safari ya Dinant ikafa siku hiyo hiyo, kwa sababu ya kumlainisha shangazi tulikwenda tena kwa binamu.

Siku za mwisho mwisho mumewe shangazi alitutwaa kwa gari kwenda Bruges, mimi na Baba. Tulitoka baada ya adhuhuri, tukapitia kwanza dukani kuchukua nyama, na njiani alitukumbusha kwamba magharibi tunangojewa mahali.

Mji ulikuwa kama ulivyosimuliwa. Nyumba za matofali zilisimama na miguu yake majini, paa zake zimekatwa vidato kama ngazi, na bata maji weupe wakipita chini ya madaraja bila haraka. Baba alikuwa amevaa koti la kuazima juu ya kanzu. Alishika ukingo wa daraja kwa mikono miwili, akatazama muda mrefu, akasema, "Ndiyo hii." Kisha akashuka ngazi kwenda kwenye mashua, na mimi nyuma yake, nikidhani sasa yote yamepona.

Alimwamkia muuza tikiti kwa Kifaransa, kile Kifaransa chake cha shule ya Wabelgiji huko Bujumbura, cha heshima nyingi na maneno marefu. Yule mtu akamjibu kwa Kiingereza. Baba hajui Kiingereza. Akarudia, polepole, akidhani hakusikika. Muuza tikiti akatikisa kichwa, akasema maneno mawili ya Kiholanzi, akamtazama aliyekuwa nyuma yetu. Mama mmoja kwenye foleni akanieleza kwa Kiingereza, kwa upole, kwamba upande huu watu hawapendi kusemeshwa Kifaransa. Ni ugomvi wa zamani baina ya Wabelgiji wenyewe kwa wenyewe, tusijali.

Nikamtafsiria Baba. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Nimechapwa fimbo kwa ajili ya lugha hii," alisema. "Na walionichapa ni wao."

Nikamwambia nitanunua tikiti mimi, kwa Kiingereza, tupande tu. Akasema, "Panda wewe."

Ningepandaje? Tulikaa kwenye benchi, tukawatazama Wajapani na Wamarekani wakipita chini yetu wakipiga picha, mpaka mumewe shangazi akaja kutwambia nyama itaharibika. Nilimkasirikia muuza tikiti, nikamkasirikia shangazi, na garini, kimya kimya, nikamkasirikia Baba pia, kwa kuwa mashua ilikuwa hatua chache tu na yeye akachagua benchi.

Tuliporudi Ibra watu walikuja kumsabahi na kuuliza habari za Ulaya. Alisema kuna baridi. Ile miji hakuitaja tena, si kwa wageni wala kwa wajukuu, na mimi nilisikitika kuliko nilivyotegemea.

Mwaka uliofuata, soko la wanawake la Jumatano, nilikutana na mtu na mkewe, watalii, wamesimama hapo wakielekea Bidiya, kwenye jangwa la mchanga. Nilipojua wanatoka Bruges sikuweza kujizuia, nikawakaribisha nyumbani. Baba alitoka, akawaamkia kwa Kiarabu, akawasogezea halua na kuwamiminia kahawa kwa mkono wake. Yule bwana, alipoambiwa na mimi kwamba mzee amesoma Bujumbura, akajaribu Kifaransa, kizuri tu. Baba akatabasamu kama asiyeelewa, akanigeukia. "Mwambie aongeze tende," akasema.

Mke akaniuliza kama nimewahi kufika kwao. Nikamwambia nilifika, alasiri moja.

"Ah, haitoshi," akasema. "Bruges inataka siku tatu, na lazima mpande mashua."

Nikamwambia ninajua.

Nilimtazama Baba. Alikuwa akikosha vikombe vya kahawa, ametugeuzia mgongo.