Vioo Saba Juu ya Ufa

Mjomba wangu aliwahi kuniambia, mbele ya wapangaji wote wa jengo alimokuwa akiishi, kwamba afadhali angesomesha ng'ombe. Watu walicheka. Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya ua, timazi mkononi, nikijifanya nasoma daftari.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, fundi sanifu wa majengo katika ofisi ya ujenzi mjini Bukoba, enzi hizo mkoa wetu ukiitwa Ziwa Magharibi. Nyumba nyingi za wafanyabiashara zilikuwa zimetaifishwa, na jengo hilo lilikuwa mojawapo. Lilikuwa la mawe, la ghorofa moja, kwenye mtaa unaoteremka kwenda ziwani. Chini palikuwa na maduka na juu zilikaa familia tisa. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa na vyumba viwili vya juu upande wa uani, na ndiye aliyekuwa balozi wa nyumba kumi.

Huyu mjomba ndiye aliyenilea Muleba baada ya baba kufariki. Kabla ya Uhuru alikuwa kuli katika jengo lile lile. Alibeba magunia ya kahawa kutoka kwenye lori hadi stoo, na hakuruhusiwa kupanda ngazi, labda awe ameitwa kuhamisha kabati. Siku alipokabidhiwa ufunguo wa vyumba vya juu, mkewe alinisimulia, alikaa dirishani mpaka chakula kikapoa. Nilizijua habari hizo zote nilipopanda kukagua.

Ukuta wa upande wa barabara ulikuwa umetuna. Niliteremsha timazi, uzi wenye uzito nchani, kutoka dirishani, nikakuta ukuta umetoka nje zaidi ya upana wa vidole viwili. Mabati yalikuwa hayana mifereji tena, na mvua za Bukoba mnazijua, kwa hiyo maji yalikuwa yakiingia ukutani mwaka baada ya mwaka. Boriti za mbao zilizobeba sakafu ya juu zilikuwa zimezamishwa vichwa vyake ndani ya ukuta huo uliolowa. Nilizigonga kwa nyundo. Zililia mlio mzito, mfu. Nilipochoma moja kwa bisibisi, chuma kilizama hadi mpini.

Hilo sikulitilia shaka. Shaka ilikuwa upande wa uani. Huko kulikuwa na ufa mwembamba ukutani, nao ungeweza kuwa wa zamani, umeshatulia. Ili nijue hali ya boriti za huko ilinibidi ning'oe mbao mbili za sakafu, na mahali pa kung'oa palikuwa chumbani kwa mjomba.

Alinikuta mlangoni. Hakunikaribisha.

"Unataka nini?"

"Kufungua sakafu, mjomba. Mbao mbili tu. Nitazirudisha leo leo."

"Halafu?"

"Halafu nitajua kama nyumba ni salama."

"Ilikuwa salama walipokuwamo wenyewe," alisema. "Tumeingia sisi, ndiyo imekuwa mbovu. Ofisini kwenu nani amevitaka vyumba hivi?"

Nilimwambia hakuna aliyevitaka. Alinitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyeshikwa na sukari mdomoni, akafunga mlango.

Tangu siku ile jengo zima lilinigeuka. Kwa siku tatu mfululizo nilikuta baiskeli yangu imetolewa upepo. Mwanamke mmoja wa juu alimwaga maji ya kuoshea vyombo nikiwa chini ya dirisha lake, akaniomba radhi kwa sauti iliyowafurahisha wenzake. Watoto waliniita kupe. Fundi cherehani wa duka la chini, niliyesoma naye, aliacha kuitikia salamu yangu. Kisha ukaitishwa mkutano uani, na huko ndiko mjomba aliponitaja pamoja na ng'ombe. Mpangaji mwingine alisimama akasema watu kama mimi ndio wahujumu wenyewe, tumesomeshwa kwa jasho la wananchi ili tuwatoe wananchi ndani. Hakuna aliyempinga. Nilikunja daftari, nikarudi ofisini.

Ofisi ilikuwa na njia yake ya kuuchunguza ukuta wenye mashaka. Unachukua kipande chembamba cha kioo, unakibandika kwa plasta kuvuka ufa, unaandika tarehe. Ufa ukitembea, hata kwa unywele, kioo kinakatika. Nilibandika saba, vinne upande wa barabara na vitatu upande wa uani. Niliwaeleza wapangaji maana yake, nikawaomba wasiviguse.

Niliporudi baada ya wiki moja, vyote saba vilikuwa vimevunjika.

Kioo kinachokatwa na ufa hukatika kwa mstari mmoja, sambamba na ufa wenyewe. Hivi vilikuwa vimepondwa. Katikati ya kila kimoja palikuwa na doa jeupe na mistari iliyotawanyika pande zote, alama ya nyundo au jiwe. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeitambua. Nilisimama pale nikajua kuna mtu amevigonga, kimoja baada ya kingine, na nikahisi wananitazama kutoka madirishani.

Ningeweza kufanya jambo rahisi. Ningemwomba mkuu wangu barua, nirudi na askari mmoja, tufungue zile mbao mbili, na kabla ya adhuhuri kazi ingekwisha. Sikufanya hivyo. Nilikwenda ofisini, nikakaa mezani na hasira yangu, nikaandika ripoti. Niliandika habari za ukuta uliotuna na boriti zilizooza, na hayo yalikuwa kweli. Kisha nikaandika: "Vioo vyote saba, upande wa barabara na upande wa uani, vimekutwa vimevunjika." Hilo nalo lilikuwa kweli. Sikuandika vimevunjwaje.

Mkuu wangu alisoma, akaweka sahihi. Jengo zima likaamriwa lihamwe na libomolewe ghorofa yake. Wapangaji walipewa wiki mbili. Niseme ukweli, nilifurahi. Furaha ile naikumbuka vizuri kuliko nyumba yenyewe.

Siku ya kuhama lilikuja lori. Familia nyingine zilikuwa zimepata vyumba Kibeta na Kagondo, lakini mjomba alikataa, akasema anarudi kwenye kibanja chake cha migomba huko Muleba. Alipakia vitanda, mitungi na cherehani ya mkewe. Hakutaka nimsaidie. Lori lilipokuwa tayari aliniita kando.

"Vile vioo nilivivunja mimi," alisema. "Vyote."

Niliinamisha macho kwenye tairi za lori.

"Nilidhani utakuja kugomba. Nilikuwa nakungoja. Uliandika kwamba vilivunjwa na mtu?"

"Hapana."

"Lakini ulijua."

"Nilijua, mjomba."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa bei aliyoitarajia. Akapanda lori, akakaa juu ya vitanda, mgongo kwangu.

Tulianza kubomoa wiki iliyofuata. Upande wa barabara ulikuwa mbaya kuliko nilivyoandika. Boriti tatu zilikatika zenyewe wakati vibarua wakiinua mbao, na ndani hamkuwa na mti tena, ni unga na mchwa. Wangelala pale msimu mmoja zaidi wa masika, sijui. Vibarua walinipongeza.

Tukaingia upande wa uani. Nilishika mtaimbo mwenyewe, nikang'oa ubao wa kwanza chumbani kwa mjomba. Boriti chini yake ilikuwa ya mvule, kavu, nyekundu, na vichwa vyake vilikaa ndani ya ukuta mkavu usiowahi kuonja maji. Niliigonga, ikalia kama chuma. Nikang'oa mwingine, na mwingine. Zote zilikuwa nzima. Ule ufa ulikuwa wa lipu tu. Vyumba vile viwili, na viwili jirani yake, vingeweza kukaliwa miaka hamsini. Tungejenga ukuta wa kuvitenga, tukabomoa nusu iliyooza, basi.

Sikumwambia mkuu wangu. Niliamuru boriti ziteremshwe zipangwe uani.

Zilikuwa bado ziko pale mjomba alipokuja. Alikuwa amepanda basi kutoka Muleba, akiwa na fimbo yake na koti la Jumapili. Alilipita rundo la mbao zilizooza, akasimama mbele ya zile nzima, akazigonga kwa fimbo moja moja. Kuli wa zamani anajua mbao. Hakuniuliza zimetoka wapi, maana namba za vyumba zilikuwa zimeandikwa kwa chaki, kwa mwandiko wangu.

"Hizi mnapeleka wapi?"

"Kuezekea shule."

"Vizuri. Watoto wasome." Akanitazama. "Wawe kama wewe."

Akaondoka kwa miguu kuelekea stendi. Vibarua walikuwa wamesikia.

Mama alijaribu kutupatanisha. Krismasi ya mwaka ule alinipeleka Muleba. Mjomba alitoka migombani, panga mkononi, akatukuta nje. Nilimweleza kila kitu, hata furaha yangu ya siku ile ya ripoti. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nilivunja vioo," alisema. "Kosa langu nalijua, wala silikatai. Wewe ulikuwa na kalamu. Sina ugomvi na wewe. Sikutaki tu."

Aliishi miaka kumi na mmoja zaidi. Nilikwenda kila Krismasi na mama, kwa sababu mama alitaka. Yeye aliingizwa ndani akapewa kahawa ya kutafuna anayokaribishwa nayo mgeni, nami nilikaa kwenye benchi barazani na watoto waliokatazwa kunikaribia. Mjomba hakuwahi kunisemesha tena kwa Kihaya chetu cha nyumbani. Alinisalimu kwa Kiswahili safi cha ofisini, akaniita "ndugu fundi", akaniuliza kama safari ilikuwa njema, akangoja nijibu, kisha akaingia ndani.