Riwaya ya Muuza Chumvi

Miaka ile ya Ujamaa, muuza chumvi Mwislamu wa Tunduma alinipa riwaya ya wapenzi waliokatazwa na wazazi. Mimi, binti wa mzee wa kanisa Ihanda, niliisoma nikichambua kahawa, nikaamini kila neno ni lake kwangu. Kurasa za mwisho hazikuwepo. Nikadhani ameniachia nizimalize mwenyewe, nikatoroka nyumbani na kanga mbili.

Nilimkuta sokoni akichana kitabu kingine, akiwafungia watu chumvi.

"Wale wawili walioana?" nilimuuliza.

"Sijui, dada. Mimi sikukisoma. Karatasi zake nilifungia chumvi."

Nyumbani, baba alikuwa ameshaapa hanipokei tena. Na moto wote ule uliowaka moyoni mwangu, mjinga mimi, nilikuwa nampenda nani?