Karantini na Kikohozi cha Ng'ombe

Nakumbuka siku niliyolicheka neno, pale soko la mifugo Garsen. Ujanani nilijiona hakuna cha kunishangaza duniani. Darasa la tano lilinitosha: nilianza na kikapu cha maembe, na ndevu hazijakolea nina ng'ombe kumi na mmoja. Leo nina malori mawili. Si majivuno, mwanangu, mwenye macho anayaona.

Daktari wa mifugo alikuwa akibandika karatasi langoni. "Karantini," akaniambia. "Homa ya mapafu. Hakuna ng'ombe kuingia wala kutoka."

"Karantini ndiyo nini, daktari? Ndugu yake kantini?"

Watu wakacheka. Mimi nikacheka kuwashinda.

Sasa, wale ng'ombe wangu kumi na mmoja nilikuwa nimewanunua juzi yake, bei ya kutupa, kwa mtu mwenye haraka. Haraka yake ilitoka wapi, sikuuliza. Nikawapitisha mashambani kulikwepa lango, nikawachanganya na kundi la Mzee Barisa, mfugaji Mworma aliyenipa malisho kama mwanawe. Ya karantini sikumwambia.

Wiki ya tatu tumekaa, ananimiminia chai ya maziwa, ng'ombe akakohoa. Si wangu. Wake.

"Vumbi hilo," akasema. "Kunywa chai, kijana."

Mwanangu, nimeona mto ukiingia nyumbani, nimevuka maji yenye mamba. Sijaogopa kama nilivyokiogopa kikohozi kile. Ningesema palepale, angewatenga wagonjwa, labda nusu wangepona. Nikanywa chai. Kesho yake wakakohoa wawili. Keshokutwa nikawa nazunguka njia nyingine, nisisikie. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua.

Ng'ombe wake walipoanza kufa, na habari ya karantini ikamfikia, Mzee Barisa alinijia bila fimbo.

"Ulijua?"

"Nilijua, mzee."

"Na chai yangu ukanywa."

Akageuka, akarudi kwa ng'ombe wake.

Nikamwendea daktari, safari hii bila kicheko. Akanieleza: neno hilo Waingereza walilikopa kwa Waitalia, na asili yake ni arobaini. Zamani meli ikitoka penye tauni ilizuiwa nje ya bandari siku arobaini, asishuke mtu, mpaka ijulikane kama imebeba maradhi. Siku hizi si lazima zitimie arobaini. Ni hadi daktari afungue. Huwekwa mtu, mnyama, hata miche ya shambani.

"Kumbe," nikasema, "sisi twasema siku za mwizi ni arobaini."



Basi, mwanangu, neno usilolijua liulizie kabla hujalicheka. Kuuliza si ujinga. Na ukijua umembebea jirani maradhi, sema chai ikiwa bado ya moto. Mungu akupe ulimi usioogopa kukiri, akujalie na jirani asiyekuficha kikohozi chake. Wangu kumi na mmoja walikufa wote, hao siwahesabu. Wa Mzee Barisa nilimlipa mmoja mmoja, miaka na miaka, na wa mwisho alipokelewa na mjane wake. Walikuwa ng'ombe ishirini na watatu.